Usimwage Maji Kabla Sijarudi

Mume wangu alipopata kiharusi, upande wake wa kushoto ulibaki kama si wake. Daktari wa mazoezi alituambia kwamba majini mtu huwa mwepesi, na mguu uliosahau kutembea huweza kukumbuka. Tunaishi upande wa Dunga na ziwa tunaliona kutoka dirisha la jikoni, lakini nani angemtia mgonjwa kwenye magugu yale, na viboko wako hapo karibu? Watoto wetu wakakubaliana tujengewe bwawa dogo la kuogelea nyuma ya nyumba, na kando yake jakuzi ya maji moto ya kukandia viungo. Kusimamia kazi kukawa kwangu.

Nilijiona nafaa. Nusu ya maisha yangu nilikuwa mtunza stoo ya dawa hospitalini, na stoo hukufundisha kwamba kitu hakipotei chenyewe, hupotea kwa miguu ya mtu. Isitoshe, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nyumba tuliyowajengea wakwe zangu kule Ahero ilipasuka kwenye mafuriko ya kwanza, na tulipochimba tukakuta msingi haufiki hata magotini. Fundi wa nyumba ile alikuwa mcheshi, tukampenda sana. Huyu wa bwawa alikuwa mtu wa Bondo, mwembamba, mzito wa maneno. Nilimshuku kwa sababu hakucheka.

Kila asubuhi nilitoa kiti changu nikakaa ukingoni mwa shimo. Niliwatazama wakichimba ule udongo mweusi unaong'ang'ania koleo kama ugali kwenye mwiko. Walipofika kimo cha mtu na nusu, kuta zikaanza kutoa maji. Fundi akaleta pampu, akayavuta siku tatu mfululizo, ndipo akafunga vyuma na kumwaga zege. Kabla ya kufukia pembeni, akasimamisha bomba la plastiki lililoshuka ardhini hadi chini ya bwawa, juu akalifunika kwa kizibo.

"Hili la nini?" nikamuuliza.

"La kuchungulia, Mama. Chini hapa kuna maji, na mvua ikinyesha yanapanda. Siku bwawa likitaka kumwagwa, tunaangalia humu kwanza, tunavuta ya chini, ndipo tunagusa ya juu."

"Na wa kuangalia ni nani?"

"Mimi. Usimwage maji kabla sijarudi, hata nikiwa mbali."

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, huyu anajigandisha kwetu kama kupe, hataki tuweze kuishi bila yeye.

Jioni moja nilimwona akitoka na mkoba uliovimba. Nikamsimamisha langoni mbele ya vibarua wake wote nikamwambia aufungue. Hakubisha. Akatoa ovaroli iliyolowa, viatu vya mpira, na kopo alilobebea chakula cha mchana. Hakukuwa na kingine. Nilipaswa kuomba radhi, nikasema tu kwamba usalama ni wa wote. Tangu siku hiyo, kila jioni alisimama langoni akapindua mkoba wake mwenyewe bila kuambiwa, akanitazama, kisha akaaga. Aibu ilinichoma, lakini nayo niliigeuza kuwa shaka: mtu asiye na hatia ana haja gani ya kujionyesha hivyo?

Mume wangu, ambaye maneno yake siku hizi hutoka moja moja, aliniambia, "Mwache. Mtu. Afanye kazi." Yeye na fundi walikuwa wakikaa pamoja verandani saa ya chai, na hata hilo sikulipenda. Nilijiuliza anamwambia nini mgonjwa wangu.

Kazi ikaisha, vigae vya bluu vikabandikwa, bwawa likajazwa. Baada ya siku mbili niliona maji yameshuka chini ya mstari wa vigae. Nikamwita.

"Ni jua na upepo, Mama," akasema. Akajaza ndoo maji, akaiweka kwenye ngazi ya bwawa, akachora alama ndani ya ndoo na nje yake. "Kesho, kama ya bwawa yameshuka kuliko ya ndoo, linavuja. Yakishuka sawa, ni jua."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Niliporudi kanisani nikamkuta ameinama juu ya ndoo. Akanionyesha kwamba maji yameshuka sawa kwenye alama zote mbili. Sikuona alama, niliona mtu aliyeachwa peke yake na ndoo asubuhi nzima.

Wiki ile ile akaja kuaga: amefiwa na baba yake mdogo, anakwenda Bondo kuzika. Kwetu mazishi ni kisingizio kizuri kuliko vyote, maana hakuna anayethubutu kukihoji. Alipotoka tu, nikaenda sokoni Kibuye kumtafuta mtu mmoja anayeuza pampu kuukuu, niliyesikia kwamba anajua mabwawa. Akaja, akazunguka mara moja, akagonga vigae kwa kifundo cha kidole.

"Linavuja chini," akasema. "Tumwage tuone."

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake verandani. Akainua mkono wake mzima. "Fundi. Alisema."

"Fundi alisema mengi," nikamjibu.

Tukamwaga. Kufikia jioni bwawa lilikuwa tupu, na sakafu yake haikuwa na ufa hata wa unywele. Mwuza pampu akasema atarudi kesho na vifaa. Mvua ikaanza tukila chakula, ikanyesha hadi alfajiri.

Asubuhi nilifungua mlango wa nyuma nikadhani macho yananidanganya. Upande wa kina kirefu ulikuwa umeinuka kutoka ardhini, ukingo umesimama juu ya nyasi karibu urefu wa mkono. Jakuzi ilikuwa imebaki palepale, na kati ya viwili hivyo paliachama ufa ambamo ningeweza kuingiza kichwa. Maji ya chini yalikuwa yamelibeba bwawa letu kama sufuria tupu kwenye karai. Nilikwenda kwenye lile bomba nikang'oa kizibo. Maji yalikuwa pale pale juu, ningeyafikia kwa kidole.

Mwuza pampu hakushika simu. Fundi alishika. Nikamwambia, "Nimemwaga." Nyuma yake nikasikia watu wakiimba nyimbo za matanga. "Nikishazika nitakuja," akasema.

Alikuja siku ya tatu, kichwa kimenyolewa. Akachuchumaa kwenye ule ufa, akapitisha kiganja kwenye vyuma vilivyopinda, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyevunjika mguu. Ningependa anigombeze.

"Nilidhani unanidanganya," nikamwambia.

"Najua, Mama. Ulidhani hivyo tangu siku ya kwanza."

"Nisamehe."

"Mimi nimezoea. Ila hao vibarua waambie mwenyewe kwamba kazi yao haikuwa mbovu. Huko mtaani wanaulizwa."

Niliwaambia asubuhi yao ya kwanza kurudi kazini, nimesimama kwenye matope. Mmoja aliguna, wengine wakatazama chini, kisha wakachukua nyundo wakaanza kulivunja lile bwawa walilolijenga. Kazi ya kurudia ilichukua muda mrefu kuliko ile ya mwanzo. Safari hii kiti sikukitoa, ingawa nakiri nilichungulia dirishani mara nyingi kuliko ilivyonipasa.

Siku mume wangu alipoingia majini, fundi alitangulia na kaptula yake, akampa mabega yote mawili. Mimi nilibaki juu nikiutikisa mkono wa chuma wa ngazi kuhakikisha umeshika. Walifika katikati, maji kifuani. Fundi akarudi hatua moja nyuma, akamwachia. Nikapiga kelele amshike. Hakumshika. Mume wangu aliyumba, akatafuta sakafu kwa ule mguu wa kushoto, akaipata.