Siku Nilipomnyang'anya Mwalimu Darasa

Naungama, ulikuwa wivu. Mwanangu Nyakundi, wa kidato cha pili, kila akila ugali ni "Mwalimu alisema hivi." Na mimi, niliyefungua kinu cha kwanza cha unga hapa Nyaramba kwa elimu ya darasa la pili, sikuwa na la kunukuliwa?

Nikaenda shuleni. "Mwalimu, nasikia vijana wa siku hizi wanasinzia darasani. Niachie, wamsikie mwanamume!"

"Karibu, mzee," akasema kijana yule, akatoka.

Nikasimulia maisha yangu. Kimya! Macho yote kwangu. Nikaongeza simba wawili, wakazidi kutulia. Nikajisemea, leo huyu mwalimu atafunga virago.

Nikamgeukia Nyakundi mbele ya wenzake. "Sema kweli. Mwalimu wako amewahi kuwatuliza hivi?"

Akainamisha kichwa. "Tata, kengele ya chakula ililia zamani. Masikio yako yamezoea kelele za kinu. Na sisi hatuwezi kuinuka mzee akiwa bado anasema."

"Basi nendeni," nikasema.

Hapo ndipo nilipoiona bidii ya vijana. Mlango haukuwatosha. Mwanangu mwenyewe alipitia dirishani.