Chai ya Hodan na Kifaa Kilichofunikwa Turubai

Jamani, mpaka sasa nasubiri mtu aniambie huu ni utani mbaya. Hodan wetu ameondoka. Moyo ulisimama ghafla, akakimbizwa hospitali ile kubwa hapa Birmingham, karibu na Harborne, na hakurudi. Jana tumemzika.

Nimelia vya kutosha. Leo nina hasira, na mtanisamehe.

Kwa msiomjua, Hodan alikuwa injinia mwenzangu kwenye karakana yetu hapa Tyseley. Msomali wa Kenya, aliyelelewa na shangazi yake kijijini, pwani ya kaskazini. Kazi yetu ni mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari.

Ndiyo, Birmingham, katikati ya Uingereza, mbali na bahari. Bahari yetu ni tangi la plastiki, na chumvi tunaimimina wenyewe kwa magunia. "Karibu beach!" alimwambia kila mgeni, yeye mwenyewe kajifunga koti na kofia ya sufu.

Kila jaribio likiisha, alichemsha chai kwa maji yaliyotoka. Maziwa, iliki, tangawizi. Mita ya chumvi ilisema maji ni safi, lakini Hodan hakuandika "pass" mpaka sote tunywe. "Mita haina shangazi," alisema. "Mimi ninaye."

Kijijini kwa shangazi huyo mtambo wa aina hiyo ulizinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha ukazimwa. Ulikunywa dizeli hadi wanakijiji wakashindwa kuulisha. Bahari iko mlangoni, na mama wa watu ananunua maji kwa madumu! Hilo lilimkera Hodan kila siku ya Mungu.

Ndipo akaunda kifaa chake. Maji ya bahari husukumwa kwa nguvu kubwa yapenye kwenye chujio. Yale ya chumvi kali yanayobaki bado yana nguvu hiyo, na mitambo midogo mingi huitupa tu. "Wallahi, tunamwaga pressure yote hii kwa drain!" Kifaa chake kiliidaka, kikaitumia kusukuma maji mapya. Siku kilipofanya kazi, pampu ilitulia, ikala umeme kidogo tu, naye akarukaruka: "Hii solar itaibeba! Dizeli kwaheri!"

Bosi wetu akaja kushuhudia. Hodan, kwa furaha na maelezo mengi, akachota maji ya chai kwenye dumu lisilo lenyewe, lile la chumvi kali. Bosi akanywa. Akameza. Akatabasamu: "Lovely. Very authentic."

Hodan akaonja yake, akakimbilia sinki kutema. Tulicheka mpaka machozi. Lakini baadaye aliniambia, "Huyu mtu hataniambia ukweli hata ukimchoma koo."

Aliomba kifaa kimoja tu kipelekwe kijijini kwa majaribio. "Brilliant, Hodan. Next quarter." Ikaja hiyo next quarter, ikaahidiwa nyingine. Kifaa kikafunikwa turubai pale kona. Kwani kilishindwa? Hakikushindwa! Wateja wakubwa wanataka mitambo mikubwa, na shangazi wa Hodan si mteja.

Sasa asubuhi hii bosi huyo huyo kaposti picha ya Hodan na mshumaa: "We always believed in her vision." Always? Vision ipi, ile iliyo chini ya turubai? Acheni, jamani. Mdomo uliosema lovely ndio huu unaoomboleza.

Shangazi alinipigia simu baada ya maziko. Sauti imemkauka. "Mwanangu, ile mashine aliyoniahidi Hodan, imefika wapi?" Jamani, haijatoka hata mlangoni!

Basi nisikilize, Hodan dada yangu. Jumatatu chai nachemsha mimi. Nitampelekea bosi kikombe chake, na nitasimama mezani pake mpaka aniambie kifaa kinasafiri lini. Akisema next quarter, najua dumu la kumchotea.

Mungu akurehemu, Hodan. Lala, usiwe na wasiwasi. Turubai nimeshalitoa.