Vitabu vya Ukungu na Viatu vya Leonidasi

Enzi zetu pale mtaani Kamenge kitabu hakikusomwa kwa macho, kilisikilizwa. Jioni, ugali wa muhogo umeshaliwa na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, bado imo vidoleni, wasichana wa avenyu nzima tulijipanga mkekani uani kwetu, na dada yangu mkubwa, yaya Verena, akitusuka nywele. Katikati aliketi mchumba wake Leonidasi, karani mdogo wa bandarini, na kitabu cha Kifaransa mapajani. Alipitisha macho mstari kwa mstari, kisha akatumwagia kwa Kiswahili chetu. Vilikuwa vitabu vingi vya hadithi moja, na sisi tuliviita Vitabu vya Ukungu.

Mi sikuweza kujisomea Kifaransa hicho. Niliishia darasa la pili kwa sababu ya baba mdogo Bonifasi, na jina lake naliandika hapa ili lisomwe. Alisema msichana anayejua kusoma hupikia watu ugali mbichi. Kumbe wangu ulikuwa mbichi hata bila kusoma.

Lakini hadithi ile! Binti mfalme Orelina alimpenda Galdino, kijana aliyechukuliwa na watu wa ukungu, na katika kila kitabu alimfuata, juu ya farasi waliokanyaga maji bila kuzama, ndani ya misitu iliyoimba. Asubuhi, milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa ilipofunikwa na ukungu mweupe, tulijua kabisa kwamba ndiko walikokuwa. Nililala nikisikia vishindo vya kwato majini. Mama alisema ni viboko. Mi nilijua ni farasi.

Uzuri wa vitabu vile siukani. Orelina aliwakataa wafalme watatu mbele ya wazee bila kuinamisha kichwa, na sisi, tuliofundishwa kutazama vidole vya miguu mwanaume akiongea, tulibana pumzi. Tena mapenzi yao yalikuwa na heshima. Walishikana mkono mara moja tu, mwisho wa kitabu cha tatu, na hapo yaya Verena akanivuta nywele hadi nikalia.

Ubovu nao ulikuwepo. Hakuna aliyepika. Watu walisafiri miezi bila hata kipande cha muhogo.

"We Leonidasi, hawa watu wako wanakula nini?" mama aliuliza toka jikoni.

"Wanakula mapendo, mama."

"Basi kesho we utakula hayo hayo."

Halafu, mtu mbaya alijulikana tangu ukurasa wa kwanza, kwa joho jeusi na pua iliyopinda. Wa kwetu hakuwa na joho. Aliitwa Kasimiri, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye sauti tamu, aliyetukatia watoto miwa. Mwaka ule mbaya wa watu kukamatwa majumbani, Jumamosi mchana, Leonidasi akiwa amefika katikati ya kitabu cha sita, kamyo, lori la askari, ilisimama mbele ya ua wetu na Kasimiri akanyoosha kidole. Leonidasi alikunja pembe ya ukurasa, akampa Verena kitabu. Waliomchukua wakamwamuru avue viatu kabla ya kupanda.

"Ni maswali kidogo tu," Kasimiri alimwambia yaya kwa ile sauti yake. "Atarudi kabla maji ya ugali hayajachemka."

Jumapili iliyofuata tulimwona kanisani amevaa viatu vile. Kasimiri huyo huyo. Alikuja kufa kitandani mwake, akazikwa kwa nyimbo.

Kuna ubovu mmoja zaidi, na huo sijavisamehe vitabu vile mpaka leo: aliyechukuliwa na ukungu hurudi daima. Verena aliamini. Alikifunga kitabu kwenye kitenge, akakitia kwenye sanduku la bati, na kila mwanaume aliyekuja kuposa alipata jibu moja: "Apana. Kile kitabu atakimaliza yeye." Kila asubuhi alisimama akitazama milima ya Uvira mpaka ukungu uishe. Kuna watu kweli walikuwa wametoroka, wakavuka ziwa, wakaishi kule, basi nani angemwambia aache? Mi sikuthubutu. Nywele zake zikageuka nyeupe akiwa pale pale.

Sasa tunaishi mtaa wa Kinanira kwa binti yangu Nadine. Vijana wa siku hizi bwana, mapenzi yao yamo kwenye simu. Asubuhi wameanza, jioni wameshafutana. Lakini Nadine Kifaransa anakijua. Mwaka jana mvua ilivuja kwenye lile sanduku. Verena akakianika kitabu juani, kisha akamwekea Nadine mapajani.

"Soma, mwanangu. Anzia hapa palipokunjwa. Naona karatasi zitaisha kabla yangu."

Nadine akasoma. Mwishoni, kama nilivyojua, Galdino akatoka kwenye ukungu akitabasamu.

"Ana viatu?" Verena akauliza.

Nadine akatazama ukurasa. "Ndiyo, mama mukubwa. Buti zinang'aa."

Verena akakichukua kitabu. Halafu akacheka, kicheko nilichokisikia mara ya mwisho kule Kamenge. "Basi huyo hakupita kwetu, wa kwetu huvuliwa viatu," akasema. Akakunjua ile pembe ya ukurasa, akailainisha taratibu kwa kidole gumba. "Kesho munisindikize kwa padri. Nataka Leonidasi asomewe misa ya marehemu."

Leo asubuhi ukungu umekaa juu ya Uvira kama zamani zile. Verena yuko jikoni anachambua maharage, hakutoka kuutazama. Nadine yuko na simu yake. Mi peke yangu nimesimama mlangoni, natega sikio upande wa ziwa nisikie zile kwato, na ninachosikia ni magari tu.