Gobori la Babu Halijaisha

Ukuta wa nyumba ya Baba kule Likoni ulipopasuka, nilimhamishia kwangu Chaani kabla haujamwangukia. Alikuja na begi moja, akaliweka nyuma ya mlango. Asubuhi alitoa shati, jioni akalirudisha na kufunga zipu. Kukaa hakukaa. Alizunguka sebule, akachungulia malori yanayoteremka Kipevu, akarudi, akauliza kama feri zinakwenda. Nilijua siku moja nitatoka kazini nikute begi halipo, naye amelala chini ya ule ukuta.

Mimi nami situlii. Nimesoma miaka mingi, kiasi cha kuamini kila tatizo linaweza kutengenezwa, hasa na mtu asiyejua kutengeneza. Nikaamua kulifufua gobori la babu, bunduki ya kizamani iliyokuwa kule Likoni, nilitundike mbele ya kitanda cha Baba, pengine ataona yuko kwao. Mchwa walikuwa wameumaliza mti wake na kutu imekula mtutu. Kilichobaki ni kinga ya kifyatulio, kile kitanzi cha shaba ya manjano kinachozunguka kidole, nacho kimevunjika katikati. Nilitafuta ubao wa mbambakofi, na mtutu nikaufanya wa bomba la maji lililozibwa pande zote. Bunduki isiyoweza hata kupiga chafya.

Ile kinga niliigundisha, nikachonga nafasi yake mtini mpaka ikakaa barabara. Kisha nikaipeleka Changamwe kwa fundi wa kusubu, aikandamize kwenye mchanga na kumimina shaba iliyoyeyuka, itoke nyingine mfano wake. Mpya ilirudi imejaa vinundu. Nikaipiga tupa, nikaipiga msasa, nikaiweka mahali pake. Ikacheza. Huku na huku palibaki upenyo wa kupita mchwa, tena walionenepa.

Shaba hunywea ikipoa. Nilifundishwa hilo shuleni, na kwenye mtihani nililijibu vizuri sana.

"Hii ya kuulia panya?" Baba akauliza.

"Imepungua kidogo, Baba."

"Imepungua au umeila?"

Akapenyeza kidole kuijaribu. Kikaingia, kutoka kikakataa. Tukatumia sabuni.

"Wallahi, kesho narudi Likoni," akasema, povu likimtiririka mkononi.

Kesho yake niliamka mapema kuliangalia begi. Lilikuwepo. Nikaipaka nta ile kinga ya zamani kuinenepesha, fundi akasubu tena. Hii ilizidi ukubwa, na ndivyo inavyotakiwa: unaipaka masizi ya koroboi, unaibana mtini, panapoingia weusi ndipo unapochonga. Unachonga mti, shaba unaiacha. Nilimweleza Baba hayo yote, nikaenda kuoga. Nilipotoka, nilimkuta amekaa. Amekaa! Miguu kainyoosha mkekani, tupa mkononi, anaila shaba.

"Baba, kinachopunguzwa ni mti!"

"Mti mgumu. Hii laini."

"Sasa italegea tena."

"Si yule bwana atakumiminia nyingine? Kwani amehama?"

Hajahama. Amemimina nyingine, na nyingine tena. Baba anapiga tupa mchana, mimi napiga nikirudi kazini, tunagombana juu ya mikwaruzo ni ya nani. Mke wangu anapangusa unga wa shaba kwenye kochi na kutuita mafundi kwa sauti ambayo si ya kusifu.

Jana ikakaa. Niliibonyeza kwa dole gumba, ikazama mtini kimya, kama imezaliwa humo. Badala ya kufurahi nikatazama nyuma ya mlango. Begi halikuwepo.

Lilikuwa chini ya gobori. Baba alikuwa amelifanya mto wa kulalishia bunduki isikwaruzike sakafuni. Zipu imefungwa.

Akapitisha kidole kwenye kinga yote, akatafuta kasoro, hakuipata. Kisha akaligeuza gobori na kugonga kitako.

"Na hapa? Mbona hapana bamba la shaba?"

"La babu lilikuwa nalo?"

"Mimi ndiye niliyelibeba, au wewe?"

Ninavyokumbuka, kitako cha gobori la babu kilikuwa mti mtupu. Nikamwambia Jumatatu nitapita kwa fundi.

"Mwambie asubu kubwa," akasema, akaanza kuisugua tupa kwa brashi.