Injini Iliyopumzishwa Chini ya Mlima

Lami ilipokwisha, dereva wa lori alizima redio katikati ya wimbo. Nilidhani imeharibika. Nilikuwa nimebanwa kati yake na rundo la mikanda ya injini, magoti yangu yakimpisha kila alipobadili gia, na tangu asubuhi redio ndiyo iliyokuwa ikiongea kwa niaba yetu.

"Huku tunasikiliza gari," alisema. "Shangazi katufundisha hivyo. Ukimpigia kelele mlimani, anakushusha."

"Shangazi yako?"

"Shangazi wa kila mtu."

Tuliingia uani mwa karakana jua likiwa kichwani. Lilikuwa banda refu la mabati, ardhi yake nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi, na nyuma yake mlima umesimama kama ukuta usio na lango. Shirika lenye karakana hiyo huchimba na kutengeneza visima kwenye nyanda za juu. Kila bomba, kila pampu, kila pipa la dizeli hupandishwa kwa barabara moja ya mawe. Katikati ya ua yalikuwepo magari mawili mapya ya njia mbovu, safi mno kwa mahali pale, kama wageni waliowahi harusini kabla ya viti kupangwa.

Mwanamke mnene wa makamo alikuwa ameketi kwenye usukani wa mojawapo, shingo kaiinamisha upande.

"Limekufa," alisema.

"Halijafa, Shangazi. Limewaka," alijibu kijana wa miaka thelathini hivi aliyesimama mlangoni, mhandisi wa shirika na mtoto wa kaka yake.

"Limewaka, mbona kimya?"

"Linatumia betri. Kanyaga mafuta."

"Mafuta gani, na wewe umesema ni betri?"

Mafundi walicheka. Yeye hakucheka. Alikanyaga, gari likasogea bila sauti, naye akafunga breki kwa nguvu kana kwamba kasukumwa na mtu asiyemwona.

Jioni ile, juu ya benchi la karakana, mhandisi alinieleza tofauti ya magari hayo, ambayo shirika lilikuwa likiyajaribu mlimani ili lichague moja. Yote mawili huchomekwa kwenye umeme usiku. La kwanza lina injini ya petroli ya silinda nne ambayo, betri ikipungua, huzungusha magurudumu yenyewe, ikisaidiana na mota. La pili ni jingine kabisa. Magurudumu yake huzungushwa na umeme tu. Injini yake ndogo ya silinda tatu haigusi gurudumu hata moja, kazi yake ni kuzalisha umeme wa kulisha betri. Ni jenereta iliyofungwa ndani ya gari.

"Ndogo, nyepesi, inazunguka kwa mwendo mmoja inaoupenda," alisema. "Haisumbuliwi na mteremko wala mguu wa dereva. Na kiwandani wamesema tukitaka kubwa zaidi watatuwekea, hata ya dizeli, maana dizeli ndiyo iliyopo kule juu kwenye pampu. Ila kubwa ina uzito, na kila kilo ya injini ni kilo ya bomba iliyobaki chini."

"Shangazi yako anapenda lipi?"

Alitazama upande wa banda, ambako shangazi yake alikuwa akiosha mikono kwa sabuni ya unga. "La kwanza. Lina sauti."

Nimepanda magari ya watu katika nchi nyingi, na nimeona kwamba dereva hata awe na lugha ngapi, gari huliapiza kwa lugha ya nyumbani kwao. Mama huyu alikuwa na zaidi ya kuliapiza. Kaka yake, fundi wa hapo hapo, ndiye aliyemfundisha kuendesha, na kaka alipofariki, yeye alichukua lori lake na mtoto wake kwa pamoja. Mhandisi alikulia kwenye kiti cha mbele cha lori la dizeli, akifanya hesabu za shule juu ya boksi la spana. Mama aliijua kila kona ya mlima kwa mngurumo. Hapa injini inakohoa, shusha gia. Hapa inaimba, usiiguse. Na pale chini kabisa, kwenye uwanja wa changarawe kabla ya kona ya kwanza, unasimama, unazima, unafungua boneti, unaiacha ipumzike. Hakuna dereva wa shirika aliyewahi kupanda bila kuipumzisha injini. Rejeta zilizochemka na wanaume waliolala porini walikuwa wameshalipia somo hilo.

Mkuu wa karakana alikuwa amemwahidi jambo. Likichaguliwa gari la kwanza, yeye ndiye angekuwa mkufunzi wa madereva wote, aache kubeba mabomba, akae na ujuzi wake. Likichaguliwa la pili, kiwanda kingeleta wakufunzi wake, naye angeketi darasani pamoja na aliowafundisha mwenyewe. Hakuna aliyemficha hayo, na yeye hakujifanya hayamhusu.

"Mwandishi," aliniambia asubuhi ya majaribio, "panda huku kwangu. Hili bubu linahitaji mtu wa kuongea naye."

Alikuwa amepewa gari la pili, limejazwa mabomba hadi matairi yanalalamika. Mhandisi alitangulia na la kwanza. Kabla ya kufika mlimani kuna kipande kirefu cha mchanga, na mchanga ule ulikula chaji hadi ikabaki chini ya nusu. Tukafika kwenye changarawe. Akasimamisha gari. Papo hapo, gari likiwa limesimama na mguu wake haupo popote karibu na kanyagio, injini ndogo ikawaka yenyewe na kuunguruma kama imekamatwa shingo.

"Ee! Una nini wewe?" Alipapasa dashibodi. "Umesimama, unapiga kelele za nini?"

Alipata kitufe, akakibonyeza. Kimya. Akashuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya chuma kama anayepima homa ya mtoto. Tulikunywa chai kwenye chupa yake, tukiwa tumeketi kivulini mwa gari. Alinisimulia jinsi mpwa wake alivyokuwa akitapika kwenye kona zilezile, na jinsi alivyomkataza kusema neno hadi juu, hata tapishi lenyewe liwe la kimya. Nikacheka hadi chai ikanipalia.

Kisha tukapanda, na ulikuwa upandaji wa ajabu. Magurudumu yalishika mawe moja moja, bila kuteleza, na tukasikia vitu ambavyo nadhani hakuna aliyewahi kuvisikia akiwa ndani ya gari kwenye barabara ile: kokoto zikianguka bondeni, ndege, mabomba yakigusana nyuma. Uso wake ulilegea. "Mh," alisema, na baada ya kona nyingine, "Mh."

Tulipokaribia kilele, injini ndogo iliwaka tena kwa ghadhabu, safari hii pia bila kuombwa, na gari likaanza kupungua mwendo. Kwenye dashibodi ukatokea mchoro wa kobe, alama ya gari lililoishiwa nguvu.

"Nani huyu? Wamenichora mimi?"

Mbuzi wawili walitupita. Sitanii. Alikanyaga hadi mwisho. Injini ikapiga kelele ileile, gari likaenda mwendo uleule. Nyuma yetu lilikuwa bonde. Mikono yake juu ya usukani ilikuwa imetulia, lakini alitazama kioo cha nyuma mara mbili, na hapo ndipo nilipoogopa.

Tulifika juu tukijikokota. Mhandisi na mkuu wa karakana, aliyekuwa amepanda naye, walikuwa wameshakaa juu ya jiwe, gari la kwanza likipoa pembeni.

"Tumeona," alisema mkuu. "Kainjini kadogo. Imekwisha hiyo, Shangazi. Hongera, mwalimu."

Mhandisi alikuwa ameunganisha kompyuta yake. "Hapa inaonyesha injini ilizimika pale chini kwenye changarawe. Huenda ilizidi joto ikajizima. Nitaandika hivyo kwenye ripoti leo."

Mama hakushuka. Gari lilikuwa limesimama na injini inaunguruma, naye alikuwa akitazama kipimo cha chaji kikipanda kidogo kidogo. Alikitazama muda mrefu. Nilimwona akielewa. Mimi bado sikuwa nimeelewa chochote. Kwangu tulikuwa tumekunywa chai tu.

"Mwanangu," alisema, "hii ikiunguruma imesimama, inakula au inapika?"

"Inapika. Inajaza betri."

"Na pale chini ilikuwa inapika?"

"Ilikuwa inapika, hadi ilipozimika."

Alishuka, akashika kiuno. Alimtazama mkuu wa karakana, si mpwa wake. "Haikuzimika. Niliizima mimi. Niliipumzisha."

Mhandisi alirudi kwenye rekodi ya safari. Akapiga hesabu kwenye kompyuta, vidole vikikimbia. "Kama ungeiacha muda ule wote…" alisema polepole, "mngefika na chaji imebaki."

"Basi."

"Shangazi," mkuu alisema kwa sauti ya chini, "unajua unachosema? Ina maana gari ni zima. Wale wa kiwandani watakuja kufundisha wenyewe. Hapa hakuna aliyekuuliza."

"Mwandishi alikuwepo."

"Mwandishi hajui hata boneti inafungukia wapi."

"Hilo kweli," alisema, na wote watatu wakanitazama kwa huruma. Kisha akaketi juu ya jiwe lao, wakampisha. "Lakini msiniambie gari ni zima. Sijamaliza. Mimi nimeizima kwa sababu ndivyo mkono wangu unavyojua, na mikono yote ya pale uani nimeifundisha mimi. Mtaleta wakufunzi, sawa. Watafundisha. Siku ya mvua, dereva kachoka, mgonjwa yuko nyuma juu ya mabomba, mkono utafanya nini?"

Mhandisi alijaribu kutetea. Kitufe kinaweza kuondolewa, alisema. Gari lenyewe linaweza kukataa kuzimwa.

"Litakataa, nao watachomoa waya. Unawajua."

Aliwajua.

"Kwa hiyo unataka lile la kwanza?" mkuu aliuliza, akiwa na tumaini bado.

Hapo aligeuka juu ya jiwe. Alitazama gari la kwanza, lile lenye sauti, ambalo lingempa kiti cha mwalimu. "Hili bubu linashika mawe vizuri kuliko lile," alisema hatimaye, kama mtu anayetema kokoto. "Sijawahi kupanda hivi. Mabomba hayakuruka hata mara moja. Waambieni waweke injini ambayo hata ukikosea chini, juu inakufikisha. Silinda nne. Ya dizeli, kama inaingia."

"Tutapoteza mzigo, Shangazi. Kila kilo…"

"Tutapunguza bomba. Mtu humpunguzi."

Mkuu alisema hilo ni kosa la dereva mmoja, na kiwanda hakibadilishi injini kwa kosa la dereva mmoja. Ndipo mama alipotoa wazo lake. Kesho apande dereva mwingine, asiambiwe kitu. Yeye atakaa pembeni, mdomo ameufunga. Asipoizima, waandike wanavyotaka, na yeye ataingia darasani na daftari jipya. Akiizima, wasizungumze tena habari ya dereva mmoja.

Asubuhi iliyofuata betri ilikuwa imechajiwa na mabomba yamefungwa upya. Dereva aliyechaguliwa aliitwa Pancha, mtu mrefu mwenye masihara, aliyekuwa akilisifia gari kwa kila apitaye na hakujua kwa nini siku hiyo kila mtu alimjibu kwa mkato. Nilibeba mkoba wangu hadi kwenye mlango wa nyuma.

"Wewe baki," mama aliniambia.

"Jana nilipanda."

"Jana hukujua kitu. Leo unajua, na sura yako haijui kufunga mlango. Pancha atakusoma kabla ya mchanga."

Nikaweka mkoba chini. Aliuendea mlango wa dereva, akashika kitasa, akamkuta Pancha amekwishajipanga kwenye kiti akirekebisha kioo.

"Shangazi, unanipindua?"

"Nakagua tu kama umefunga mkanda."

Akazunguka mbele ya gari, kiganja kikipita juu ya boneti, akapanda upande wa abiria. Mpwa wake aliingia nyuma na kompyuta. Gari liliondoka bila mngurumo, mafundi wakasimama na spana mikononi, na kupitia kioo niliona mama amemgeukia Pancha, kidole mdomoni, akimwonyesha redio. Pancha akaizima. Kisha mama akageuka mbele, akaikunja mikono yake juu ya mapaja, mmoja juu ya mwingine, na vumbi likaufunga uwazi wa geti.