Wimbo wa Kutua Mizigo

Juzi katibu wa kwaya yetu hapa Ipuli alinijia na daftari. Ati wazee wote tuchague mapema nyimbo za kuimbwa siku tutakapozikwa, maana ndugu wamezidi kugombana msibani. Nikamwambia, mwanangu, kunywa chai yako uende. Alidhani naogopa kufa. Hee! Kwa umri huu naogopa nini? Ni kwamba nilishamwona mtu mmoja akichagua, na yaliyotokea sijayasahau.

Mtu huyo ni babu yangu, mzaa mama. Enzi hizo za Mwingereza tulikaa Puge, mimi msichana wa miaka kumi hivi, nalelewa na yeye na bibi. Ujanani, kabla reli haijafika, babu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi pwani, na begani alibaki na sugu ngumu ambayo bibi aliipaka mafuta ya karanga wakati wa baridi. Nilipenda kuigusa.

Mwaka alioanza kuugua kifua, alimwita mwinjilisti akamtajia nyimbo anazotaka azikwe nazo. Mbili zilikuwa za kitabuni, hazikuwa na shida. Ya tatu ndiyo iliyozua maneno: wimbo ambao wapagazi waliimba wakikaribia kambi, kabla ya kutua mizigo. Alitaka uimbwe wakati wa kumshusha kaburini. "We mzee, unajichuria!" bibi akafoka, na michembe yake ya viazi vitamu ikaungulia jikoni siku hiyo. Mwinjilisti akakuna kichwa, akasema dhambi haioni, ila nani atauimba? Wapagazi wenzake wote walikuwa wamekwisha. Babu akaninyooshea kidole.

"Huyu hapa. Nitamfundisha."

Basi ikawa kila jioni, nikishamaliza kumenya karanga, natwishwa kikapu begani nazunguka uani. Babu aliketi mlangoni akiimba majina ya kambi walizolala, mara Kilimatinde, mara Mpwapwa, na visa vya kila mahali: maji ya chumvi, chifu mchoyo, mwenzao aliyeachwa njiani na homa. Kila siku alibadilisha, kadiri alivyokumbuka. Kila alipotaja kambi mimi niliitikia, "Bado, twende!" Mpaka yeye mwenyewe aseme, "Tueni!" ndipo niweke kikapu chini. Neno hilo lilikuwa la kiongozi peke yake. Siku moja nililisema mimi, bega likiniuma, akanikaripia hadi nikalia. Alisema mpagazi anayejitulia mzigo huchekwa mpaka pwani.

Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Makaburini, zilipokwisha zile nyimbo mbili za kitabuni, mwinjilisti akanigeukia. Wanaume sita walikuwa wameshika kamba, jeneza linaning'inia juu ya shimo. Hapo ndipo nilipogundua: babu alinifundisha kuitikia tu. Siku zote aliongoza yeye, na sasa yeye ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza. Wala yeye wala sisi hatukuwa tumeliwaza hilo.

Nikasubiri, sijui nilisubiri nini. Mwisho nikaimba nilichokuwa nacho: "Bado, twende!" Nikarudia. Kamba zikaanza kuwachoma wanaume mikono, mmoja akaguna. Jamani, neno nililijua. Ni moja tu, "Tueni." Lakini halikuwa langu, na nilimwogopa babu hata pale. Bibi akanitazama, kisha akajifunika uso kwa kaniki yake. Mwinjilisti akafungua kitabu, akaanzisha wimbo wowote uliomjia, na babu akashushwa kwa wimbo ambao hakuuchagua.

Hakuna aliyenilaumu. Bibi hakuligusia tena jambo hilo mpaka naye akatutoka. Siku hizi njia waliyopita wapagazi ni lami, malori yanapita, na sijakutana na mtu anayejua hata kipande cha wimbo ule. Visa vya babu vimenitoka karibu vyote. Nimebaki na kule kuitikia, na ninajilaumu, sifichi. Mara nyingine nikiwa peke yangu ndani najaribu kulitamka lile neno kwa sauti, nimtue mzee wangu. Linanikwama.