Mgongo Wangu na Salamu za Mama Mkwe

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kwa vile hii ni siku yako ya tisa umelala hapo unauguza mgongo, nitakusimulia. Usigeuke kwa haraka. Sikiliza tu.

Miaka ya hamsini mwanzoni nilikuwa kuli bandarini Kisumu. Tulitoa magunia kwenye mabehewa ya treni tukayapeleka melini, kila mtu na gunia lake mgongoni. Mimi nilijiona mwanaume kuliko wanaume wote. Wenzangu wakibeba moja, mimi nasema, "Ongezeni la pili!" Wanapiga makofi, na mimi, mjinga wa mwisho, kichwa kinavimba. Siku moja nikiwa katikati ya ubao wa kupandia melini, nikasikia kiuno kimeachia. Magunia yakaenda upande wao, mimi upande wangu. Walinipeleka nyumbani Kajulu kwa mkokoteni, na kila shimo la barabara nililia, yawa, mtu mzima na ndevu zangu.

Tabibu wa zahanati alinibonyeza kiuno, akanigonga magoti, akaniambia niinue vidole vya miguu. Akasema hakuna kilichovunjika, niamke nitembee kidogo kidogo kila siku. Nikamwona hajui kazi yake. Mtu anaumwa hivi, atembee aende wapi? Nikalala. Wazee wakaniumika kwa pembe, wakanikanda kwa majani, na kila mara nilipata nafuu ya siku moja tu. Nikamwambia mke wangu Akinyi, "Nitaamka maumivu yakiisha yote." Hilo ndilo kosa langu, na nililishikilia wiki tano.

Akinyi alilima peke yake, akateka maji peke yake, akarudi kunigeuza. Binti yetu Atieno alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika ukuta, na mimi baba yake miguu inazidi kukonda. Nyapara wa bandarini akatuma neno kwamba mwezi ujao ukiisha bila kuniona, nafasi yangu atapewa mwingine. Niliogopa, sikufichi. Niliogopa kuwa yule mtu wa kutolewa juani na kurudishwa kivulini mpaka siku ya kuzikwa.

Basi asubuhi moja nikasikia sauti langoni. Mama mkwe! Ninyi vijana wa leo mnaingia mpaka jikoni kwa wakwe na kufunua sufuria. Kwetu sisi, maro, yaani mama mkwe, haingii nyumba ya mkwewe, hali chakula humo, na hawezi kukukuta umelala. Akija, unavaa, unatoka, mnasalimiana kwa mbali kila mtu ameangalia pembeni.

Nikamwambia Akinyi, "Mwambie naumwa." Akaenda, akarudi macho yamemtoka.

"Anasema hakuja kuona mgonjwa. Amekuja kumsalimia mkwe wake. Atangoja."

Na akangoja kweli! Jua likapanda, yeye yuko pale pale. Nikamlaani kimoyomoyo. Mwishowe aibu ikanishinda. Nikageuka ubavu, nikashusha miguu, nikajisukuma kwa mikono, jasho linanitiririka. Nilifika mlangoni nimeshika ukuta, na Atieno ameshika ukuta upande wa pili. Mama mkwe alikuwa amesimama wima langoni, kikapu cha samaki wakavu miguuni, anatazama upande wa ziwa.

"Umeamkaje, Baba Atieno?"

"Vizuri, Mama." Mwongo mkubwa mimi.

"Haya. Nitakuja kesho."

Akaja kesho, akaja na kesho kutwa. Alitoka kwake kule chini karibu na ziwa, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu. Siku ya tano hakufika langoni, alisimama njia panda ya shambani, na ilinibidi niende huko. Baada ya wiki akawa anasimama kijitoni, mbali zaidi. Nilikuwa naenda na fimbo, nanung'unika, "Mama yako ananitesa!" Akinyi anatabasamu tu.

Siku moja niliamka mapema, hasira zimenijaa, nikavuka kijito ili nimkute njiani nimwombe, kwa heshima, aniache. Nilipofika penye kona nikamwona chini ya mteremko. Aliweka kikapu chini. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akapiga magoti kwenye nyasi, mikono chini, akaanza kuukunja mgongo na kuunyoosha, polepole, anaguna kwa uchungu. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akasimama kwa kushika magoti, akajifunga shuka vizuri, akachuchumaa, akakitwaa kikapu kwa nguvu za miguu, na akaja anapanda, mgongo wima kama kawaida yake.

Nilijificha nyuma ya katani. Haikuwa halali yangu kuona vile. Nimeona ziwa likichafuka mpaka manahodha wanaomba Mungu, lakini sijawahi kushikwa na mshangao kama wa asubuhi hiyo.

Nilirudi nikamuuliza Akinyi mgongo wa mama yake ulianza lini. Akaweka kata chini.

"Ule mgongo ni mkubwa kwangu," akasema. "Alikuwa nao kabla sijazaliwa."

Kesho yake, kijitoni, Mama akaniuliza nimeamkaje. Nikasema, "Mgongo unauma, Mama. Lakini nimekuja."

"Hata mimi," akasema. Siku iliyofuata hakuja, na hakukuwa na haja.

Nilirudi bandarini mwezi huo haujaisha, nikamwomba nyapara aniweke kwenye toroli la watu wawili. Wale wa kupiga makofi walinicheka. Wacheke. Maumivu hayajaisha mpaka leo, na nimelea watoto saba nikiwa nayo.

Kwa hiyo usingoje yaishe ndipo uamke. Daktari amekupima, amekwambia hakuna hatari, basi tembea, hata kama ni mpaka mlangoni, na kesho ongeza hatua. Ukikaa sana simama, ukisimama sana keti. Mzigo uuchukue kwa miguu, uukumbatie karibu na mwili, na ukikushinda ita mtu, usione haya. Lakini mguu ukifa ganzi, au mkojo ukigoma, usijikaze kiume, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Mungu akulainishie kiuno, mwanangu, akupe subira ya yule mama na miguu ya kukufikisha uendako. Kesho asubuhi nitakuwa nimesimama langoni, na ndani siingii. Nitangoja salamu yangu.